Wakubwa Wakiungana, Mnyonge Hulipa

Sukari ikipanda bei kwa shilingi kumi, soko zima la Navakholo huzungumza siku hiyo hiyo. Wanasiasa huulizwa maswali, wahubiri hugusia mimbarini, na wakubwa wa Nairobi hulazimika kujieleza. Lakini iko bei nyingine ambayo imepanda kwa zaidi ya miaka kumi na ni wachache mno walioinua sauti, kwa sababu haikuandikwa katika ubao wa duka lolote. Ni bei ya majukwaa ya mawasiliano tunayoyatumia kila siku katika simu zetu: Facebook, Instagram na WhatsApp. Tunaambiwa kwamba ni ya bure. Tunasema leo, bila ya kigugumizi, kwamba si ya bure, na kwamba kuwekwa kwa majukwaa hayo matatu mikononi mwa mwenyewe mmoja ni jambo linalomhusu kila mpenda haki katika taifa hili.

Huenda msomaji akauliza: hayo ya Marekani yanatuhusu nini sisi wakulima wa miwa na mahindi? Yanatuhusu sana. Kuanzia Ingotse hadi kata za Bunyala, tangazo la msiba leo halipelekwi kwa baiskeli, hutumwa kwa WhatsApp. Kamati ya harambee hukutana humo. Vyama vya akina mama huweka hesabu zao humo, kwaya hupeana saa za mazoezi humo, na wanaharakati huitana humo. Vijana walioupinga Mswada wa Fedha wa mwaka wa 2024 walijipanga kwa majukwaa ya namna hii, bila ya chama wala kiongozi. Basi, kama barabara hizi ndizo tunazopitisha huzuni zetu, fedha zetu na madai yetu ya haki, tuna wajibu wa kuuliza ni nani anazimiliki, na amezipataje.

AMEZIPATAJE?

Mwezi wa Aprili mwaka wa 2012, kampuni ya Facebook ilitangaza kuinunua Instagram kwa dola bilioni 1. Instagram wakati huo ilikuwa na wafanyakazi 13, na haikuwa imeuza tangazo hata moja. Mwezi wa Februari mwaka wa 2014, Facebook ikatangaza kuinunua WhatsApp kwa dola bilioni 19. WhatsApp ilikuwa na wafanyakazi wapatao 55 na watumiaji wapatao milioni 450. Haikuweka matangazo, iliomba dola moja tu kwa mwaka, na waanzilishi wake, Jan Koum na Brian Acton, walikuwa wamejitokeza wazi kuyapinga matangazo.

Mtu mwenye akili timamu hujiuliza: kwa nini mfanyabiashara atoe mali nyingi kiasi hicho kununua duka lisilouza kitu? Jibu lilipatikana baadaye. Barua pepe za Mark Zuckerberg zilizowekwa hadharani na kamati ya Bunge la Marekani mwaka wa 2020 zilionyesha kwamba, kabla ya kuinunua Instagram, alikuwa akijadiliana na mkuu wake wa fedha jinsi ununuzi wa aina hiyo ungeweza kumwondoa mshindani anayechipuka. Thamani ya duka haikuwa katika mauzo yake. Ilikuwa katika yale ambayo duka hilo lingeweza kuwa siku za usoni, kama lingeachwa likue.

UCHUMI WA KITU CHA BURE

Jukwaa linaloendeshwa kwa matangazo lina watu wa namna mbili mlangoni. Wa kwanza ni sisi tunaosoma, tunaoandika na tunaotazama. Wa pili ni wafanyabiashara wanaotaka kutuuzia vitu. Jukwaa hutukusanya sisi wa kwanza bila ya malipo, kisha huwauzia wa pili macho yetu na muda wetu. Kwa hiyo sisi si wateja kwa maana ya kawaida. Sisi ni shamba, na usikivu wetu ndio miwa inayopelekwa kiwandani.

Mkulima wa Navakholo hahitaji kufundishwa maana ya jambo hili. Anajua kwamba akiwa na kiwanda kimoja tu cha kumpelekea miwa, basi mizani ni ya kiwanda, gharama ya usafiri hukatwa kwa matakwa ya kiwanda, na siku ya malipo hutajwa na kiwanda. Kikija kiwanda cha pili, hata kama kiko mbali, mkulima hupata neno la kusema. Sasa, viwanda viwili vikinunuliwa na mtu mmoja, majengo yatabaki mawili na mabango yatabaki mawili, lakini neno la mkulima litakuwa limekwisha.

Ndivyo ilivyo kwa majukwaa. Yakiwa mbalimbali, jukwaa linalotujazia matangazo kupita kiasi, au linalochunguza siri zetu bila ya haya, hujihatarisha, maana tunaweza kuhamia kwa jirani. Wingi wa matangazo ndio bei yetu. Kila tangazo hutula muda, na hapa kwetu hutula hata bando tulilolinunua kwa fedha zetu wenyewe. Ushindani ndio unaoizuia bei hiyo isipande. Majukwaa yakiwa ya mtu mmoja, anayetoka kwa mlango wa mbele huingia kwa mlango wa nyuma wa nyumba ile ile, na mwenye nyumba hana hofu tena ya kutuudhi.

Tukiutazama upande wa wafanyabiashara, hesabu ni ya kushangaza zaidi. Tuchukue mfano wa kubuni. Fundi anayeshona sare za shule anataka kuwafikia wazazi 100. Wazazi 30 hutumia jukwaa la kwanza peke yake, 30 hutumia la pili peke yake, na 40 hutumia yote mawili. Fundi akilipia jukwaa la kwanza, huwafikia wazazi 70. Akienda kwa jukwaa la pili, nalo humwambia lina wazazi 70. Lakini fundi si mjinga, anajua kwamba 40 kati yao amekwisha kuwapata. Atakubali kulipia wale 30 wapya tu, na wale 40 atawalipia kidogo sana au asiwalipie kabisa. Jukwaa la kwanza nalo liko katika hali hiyo hiyo mbele ya la pili. Wale 40 wa katikati, kwa kuwa wanaweza kufikiwa kwa njia mbili, ndio wanaozifanya bei zishuke.

Majukwaa hayo yakiungana, wale 40 hawana tena njia mbili. Mwenyewe mmoja humwuzia fundi wazazi 100 kwa mkupuo, kwa bei anayoitaka. Fundi akilipa zaidi, gharama hiyo ataiweka katika bei ya sare, na mzazi ambaye hajawahi kumiliki hata simu yenye intaneti atailipa siku ya kufungua shule. Hii ndiyo maana ya kusema kwamba mnyonge hulipa. Mwaka wa 2024, kampuni hii, ambayo siku hizi inaitwa Meta, ilipata zaidi ya dola bilioni 160, na karibu fedha zote hizo zilitokana na matangazo.

Hatutaki kuficha ukweli wa upande wa pili. Mwenye majukwaa yote anaweza kujua kwamba mzazi fulani amekwisha kuliona tangazo, na hivyo asimlipishe fundi mara mbili bure. Tena, fundi ambaye asingeweza kamwe kulipia tangazo la redio, leo anaweza kujitangaza kwa shilingi mia chache. Hayo ni manufaa ya kweli. Lakini faida ya ujuzi huo humfikia fundi pale tu ambapo mwenye jukwaa anaogopa kumpoteza. Pasipo na hofu hiyo, faida hubaki katika mfuko ule ule ulionunua majukwaa.

AHADI NA YALIYOFUATA

Wakati WhatsApp iliponunuliwa, Tume ya Ulaya iliuchunguza ununuzi huo, na Facebook iliieleza kwamba haingeweza kuziunganisha kwa uhakika akaunti za mtu mmoja katika majukwaa hayo mawili. Tume ikaridhika, na mwezi wa Oktoba mwaka wa 2014 ikautoa mkono wa idhini. Mwezi wa Agosti mwaka wa 2016, WhatsApp ilitangaza kwamba sasa nambari za simu zingeweza kuunganishwa na akaunti za Facebook. Mwezi wa Mei mwaka wa 2017, Tume iliitoza Facebook faini ya euro milioni 110 kwa kuipa maelezo ya kupotosha. Faini ililipwa. Ununuzi ulibaki palepale.

Mwezi wa Januari mwaka wa 2021, watumiaji wa WhatsApp duniani walitakiwa wayakubali masharti mapya kuhusu habari zao. Wengi walikasirika, na wakajisajili katika Signal na Telegram. Lakini ni wangapi waliondoka kabisa? Mtu anaweza kuhama peke yake, ila hawezi kuihamisha kamati ya mazishi, jumuiya, na ukoo mzima kwa siku moja. Kila mmoja hubaki kwa sababu wenzake wamebaki. Huo ndio mnyororo usioonekana wa biashara hii: wingi wa watu ndio ukuta unaowazuia watu.

Nchini Nijeria, tume inayolinda ushindani na watumiaji ilisimama kidete kuhusu masharti hayo hayo. Mwezi wa Julai mwaka wa 2024 iliitoza Meta faini ya dola milioni 220, na mwezi wa Aprili mwaka wa 2025 mahakama maalumu ya nchi hiyo iliithibitisha. Mwezi wa Juni mwaka huo huo wa 2025, Meta ilitangaza kwamba matangazo ya biashara yangeingia katika WhatsApp, katika sehemu ya hali na chaneli. Ilichukua miaka kumi na mmoja tangu ununuzi, lakini shamba lililokuwa limehifadhiwa sasa limelimwa.

Kuna hasara nyingine isiyohitaji hesabu. Tarehe 4 Oktoba mwaka wa 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika zote pamoja kwa muda wa saa kama sita, duniani kote, kwa ajili ya hitilafu moja. Kama zingalikuwa nyumba tatu za watu watatu, moto wa moja usingaliziteketeza zote. Siku ile ilitosha kutuonyesha kwamba tunadhani tuna njia tatu, kumbe tuna moja.

HOJA YA WANAOTUPINGA

Watetezi wa muungano huu wana jibu lao, na ni haki lisikilizwe. Serikali ya Marekani, kupitia Tume ya Biashara ya Shirikisho, iliishtaki Facebook mwezi wa Desemba mwaka wa 2020, ikitaka ilazimishwe kuziachilia Instagram na WhatsApp. Mwezi wa Novemba mwaka wa 2025, Jaji James Boasberg aliamua kwamba Tume haikuthibitisha kuwa Meta inashikilia ukiritimba kwa sasa, kwa kuwa TikTok na YouTube zinashindana nayo kwa muda wa watu. Nani kati yetu atakataa kwamba vijana wetu wako TikTok usiku na mchana?

Tunaiheshimu hukumu hiyo, lakini tunaomba isomwe vizuri. Mahakama iliulizwa kuhusu soko la leo. Haikuulizwa Instagram ingekuwa nini kama ingaliachwa ijitegemee, wala haiwezekani mtu yeyote kulijibu swali hilo kwa yakini baada ya miaka kumi na mitatu. Na hapo ndipo lilipo fundisho. Tume hiyo hiyo iliuchunguza ununuzi wa Instagram mwaka wa 2012 na ikauacha upite. Ilipotaka kuurudisha nyuma, maji yalikuwa yamemwagika, na maji yakimwagika hayazoleki.

Mahali ambapo wasimamizi waliwahi mapema, matokeo yalikuwa mengine. Facebook iliinunua Giphy mwaka wa 2020, kampuni ya picha ndogo zinazochezacheza ambayo ilikuwa imeanza kuuza matangazo yake yenyewe. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza iliona kwamba muungano huo ungemwua mshindani mchanga katika soko la matangazo, ikaamuru iuzwe. Meta ilipinga, lakini mwishowe ikakubali, na Giphy ikauzwa mwaka wa 2023. Basi tusiambiwe kwamba jambo hili haliwezekani. Linawezekana palipo na nia na palipo na sheria.

SHERIA YETU ITAZAME NINI?

Kenya ina Sheria ya Ushindani ya mwaka wa 2010 na Mamlaka ya kuitekeleza. Ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019. Katiba ya mwaka wa 2010 inalinda faragha katika Kifungu cha 31 na haki za watumiaji wa bidhaa katika Kifungu cha 46. Mwezi wa Septemba mwaka wa 2024, Mahakama yetu ya Rufaa iliamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa humu nchini na wafanyakazi waliokuwa wakichuja maudhui ya Facebook jijini Nairobi. Hatuna upungufu wa heshima mbele ya makampuni haya.

Upungufu uko katika kipimo. Kwa kawaida, muungano wa makampuni hukaguliwa kwa kutazama ukubwa wa mauzo na mali. Kipimo hicho kinafaa kwa viwanda vya saruji na vya sukari. Lakini Instagram ya mwaka wa 2012 haikuwa na mauzo, na WhatsApp ya mwaka wa 2014 ilikuwa na mauzo kidogo tu. Kampuni ya namna hiyo hupita chini ya wavu kama dagaa, na kumbe ni papa mchanga. Ujerumani na Austria zililiona tundu hilo, na mwaka wa 2017 zikaongeza kipimo kingine: bei ambayo mnunuzi amekubali kulipa. Kanuni mpya za COMESA zilizopitishwa mwishoni mwa mwaka wa 2025 nazo zimeanza kuitazama thamani ya mapatano katika masoko ya kidijitali. Wabunge wetu waliomo Nairobi wasingoje kufundishwa zaidi.

Kwa hiyo tunadai mambo manne. Kwanza, Bunge liiongeze katika sheria bei ya ununuzi na idadi ya watumiaji walioko Kenya kuwa vipimo vya kuukagua muungano, hata kama kampuni inayonunuliwa haijauza kitu hapa. Pili, Mamlaka ya Ushindani inapoupima muungano wa majukwaa ya bure isiulize tu kama shilingi zitapanda. Iulize pia kama matangazo yataongezeka, kama siri za watu zitachanganywa, na kama mfanyabiashara mdogo atabakiwa na mlango wa pili. Tatu, ahadi yoyote inayotolewa ili muungano ukubaliwe iandikwe, itangazwe, na iwe na adhabu kubwa kuliko faida ya kuivunja. Nne, majukwaa makubwa yatakiwe kumruhusu mtu aondoke na mawasiliano yake, na aweze kuwaandikia wenzake waliobaki akiwa nje, kama vile mwenye simu ya kampuni moja anavyompigia wa kampuni nyingine.

WAJIBU WETU WENYEWE

Kuna kazi isiyongoja Bunge. Wazee wetu katika harakati walilijua jambo hili kabla ya simu hizi kuzaliwa. Mwaka wa 1988 serikali ililipiga marufuku gazeti la Beyond la Baraza la Kitaifa la Makanisa, baada ya gazeti hilo kufichua wizi wa kura za mlolongo. Mwaka wa 1990 ikalifungia Nairobi Law Monthly. Sauti ya haki haikuzimika, kwa kuwa haikutegemea mlango mmoja. Palikuwa na mimbari, palikuwa na barua za kichungaji, palikuwa na karatasi zilizopita mkono kwa mkono. Waliong'ang'ania kwamba nchi haiwezi kuwa na chama kimoja walielewa kwamba ubaya wa mamlaka ya peke yake hautokani tu na tabia ya anayeyashika. Unatokana na kukosekana kwa pengine pa kwenda.

Basi kila kikundi kiwe na daftari la majina na nambari za wanachama wake, lililoandikwa kwa kalamu na kuhifadhiwa na katibu. Kila kamati iwe na njia ya pili iliyokwisha kujaribiwa, iwe ni ujumbe mfupi wa simu, iwe ni jukwaa la mwenyewe mwingine, au iwe ni tangazo la kanisani siku ya Jumapili. Wenye biashara wasiweke fedha zao zote za matangazo kwa mwenyewe mmoja. Na tuendelee kuyanunua na kuyasoma magazeti na kusikiliza redio zetu, maana shilingi ya tangazo inapowahama waandishi wa habari wa Kenya, ndiyo ile ile iliyokuwa ikimlipa mwandishi aliyefichua wizi wa dawa katika zahanati.

Wahenga walisema kwamba fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Tuongeze kwamba fahali hao wakipatana wale pamoja, nyasi hazibaki hata za kuumia. Usimamizi wa miungano hii ni kazi ya Mamlaka na ya Bunge, na tutawauliza wagombea wa ubunge wa Navakholo, kabla hawajaomba kura zetu mwaka wa 2027, ni upi msimamo wao. Mwenye kusema kwamba hili si jambo la wanakijiji, tutamwomba aizime simu yake wiki moja, kisha atuambie aliupataje ujumbe wa kamati yake ya kampeni.